Omena ya Min Odero

Awuor, mama,

Usisome barua hii ukiwa umesimama. Ukiikuta chini ya mkebe wa omena, kaa kwanza kwenye hicho kitanda chako kipya cha chuoni, vua viatu, ndio uanze. Na usirukeruke mistari kama unavyofanyia meseji zangu, unanijibu "sawa mathe" na hujasoma kitu. Hii isome yote hata ukikasirika. Utakasirika.

Sasa ni saa tisa mchana. Umeenda kusukwa, na kwa vile umetaka zile nyembambanyembamba, najua nina masaa matatu kabla hujarudi kunionyesha kichwa. Leo sikufungua kibanda. Mambo ya sabuni, shuka na wanaume wenye maneno matamu tumeyaongea mpaka ukaniita redio, kwa hivyo hayo nimeyaacha. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokulea. Baba yako Mkuria, mimi Mjaluo wa Sindo, na kila mmoja alikuwa na kiburi cha kungoja mwenzake ajifunze lugha yake kwanza. Alikufa tukiwa bado tunangojana.

Nataka kukuambia habari ya mwizi wa Masara, kule machimboni tulikoishi ukiwa mchanga. Ile hadithi unayoijua, ya mama yako shujaa aliyemshika mwizi mchana kweupe na wewe ukiwa mgongoni. Umewahadithia wenzako, ukaiandika insha shuleni, mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Awuor nyathina, mwanangu, hakukuwa na mwizi.

Vuta pumzi kidogo, halafu endelea.

Jumamosi tulipokwenda Sindo kuaga, tulipita kwa Min Odero sokoni. Yule mama mzee ninayenunua omena kwake kila tukienda, mpaka ukaniuliza kwani dagaa wa wengine wana sumu. Wengi hawajui jina lake. Ni Min Odero tu, mama yake Odero. Aliposikia unakwenda kusomea uwakili aliacha kupima, akafuta mikono kwa leso, akakushika viganja vyote viwili. Nawe ukianza kueleza huna breki. Ukamwambia shahada yenu ni ya vitendo, si ya kukariri vitabu peke yake. Kwamba mwaka wa kwanza tu mnapelekwa kortini kusikiliza kesi, mnakwenda jela kuongea na mahabusu, na mna kliniki ya sheria, mtu asiye na kitu analeta shida yake na mwanafunzi anaishughulikia, mwalimu akimwangalia. Alikusikiliza mpaka mwisho, kisha akakuuliza swali moja.

"Hata mtu aliyekufa zamani, kesi yake inaweza kuletwa hapo?"

"Inaweza, dana," ukamwambia, kama bibi yako mwenyewe.

Ndipo akakueleza habari ya mwanawe. Kwamba samaki walipopungua alikwenda Masara kuchimba dhahabu, akakaa siku tatu, akaletwa nyumbani amefunikwa blanketi, uso hautambuliki. Yeye mwenyewe alimtambua kwa kidole cha mguu, kile ambacho uzi wa nyavu ulikikata akiwa mdogo. "Wanasema aliiba," akakwambia. "Odero wangu hakuwa mwizi. Nitafutie mtu aliyepiga nduru siku hiyo. Huyo ndiye anajua." Akajaza mkebe mpaka ukafurika, na nilipotoa pesa akanisukuma mkono. "Hii siuzi. Hii ni ya wakili wangu." Nawe, na hiyo roho yako ya baba yako, ukaapa hapo hapo mbele ya wachuuzi, "Dana, kesi yako itakuwa yangu ya kwanza."

Nilikuwa nimesimama pembeni na kikapu. Uliniuliza kwa nini nakuvuta tuondoke, nikakuambia ni njaa.

Aliyepiga nduru ni mimi.

Umekulia huku, nduru unaijua. Mwanamke akipiga ile "uuuwi!" hakuna anayeuliza kuna nini. Aliye shambani anatoka na jembe, aliye buchani anatoka na kisu, utaelezwa ukishafika. Usipotoka leo, kesho ukipiga yako hakuna atakayekuja. Ni kitu kizuri, siwezi kukisema vibaya. Moto ulipowaka kwetu Sindo nikiwa mtoto, nduru ndiyo iliyotuokoa. Lakini pale Masara wanaume hawakushika majembe. Walishika nyundo za kuvunjia mawe, sururu na nondo.

Na wakati ule kulikuwa na wizi mbaya. Mawe yenye dhahabu hayakuachwa shimoni, yalilala nyumbani chini ya kitanda, na wezi walijua. Wiki mbili kabla, jirani yetu mmoja, mama wa watoto, alikatwa panga mkononi akiwa amekumbatia gunia la mumewe. Mimi ndiye niliyemshikilia ule mkono kwa kitambaa mpaka gari likapatikana. Mfupa niliuona, mweupe. Tangu hapo kila mwanaume nisiyemjua alikuwa yule mwenye panga.

Siku yenyewe jua lilikuwa la utosi. Nimetoka kuteka maji, ndoo kichwani, wewe mgongoni na miezi yako minane, unatafuna kola ya nguo yangu. Nikafika nyumbani nikakuta mlango wazi, na kijana mwembamba nisiyemjua anatoka na gunia la baba yako begani. Akaniona. Akatabasamu. Akasema, "Mama, nimetumwa na..."

Sikumwacha amalize. Nilitupa ndoo nikapiga nduru.

Yawa, Awuor, hawakuchukua muda! Walitoka mashimoni kama siafu. Wa kwanza alimpiga nyundo ya goti, na lile goti nililisikia likivunjika. Gunia likapasuka, mawe yakamwagika, naye akaangukia juu yake akilia, "Nimetumwa! Nimetumwa jamani!" Mwingine akampiga nondo ya mdomo, na baada ya hapo hakusema tena neno lenye maana, ilikuwa damu na meno na kelele tu. Kisha wakaokota yale mawe. Mawe ya baba yako. Wakampiga nayo kichwani, mbavuni, popote, wanaume ninaowajua kwa majina, waliokula ugali kwangu, mmoja wao mzee wa kanisa. Alijaribu kukinga uso kwa mikono, wakaivunja mikono. Mwanamke mwenzangu alikuja na mchi wa kutwangia akampiga nao shingoni, kisha akanigeukia akaniuliza kama mtoto yuko salama.

Hapo ndipo macho yangu yalipoangukia mlango. Kufuli lilikuwa linaning'inia kwenye komeo, zima, halijaguswa na chuma, na ufunguo umo ndani yake. Ufunguo wa baba yako, wenye uzi mwekundu. Niambie, mwizi gani anafungua nyumba kwa ufunguo wa mwenyewe?

Nikaelewa, na nikapiga kelele. "Wacheni! Wacheni!" Nililia kwa nguvu kuliko nilivyolia mara ya kwanza, nikahisi koo linachanika. Unajua kelele ile ilifanya nini? Iliwaita wengine. Walio mbali hawasikii maneno, wanasikia mwanamke analia tu. Wakaja kundi la pili, wana pumzi mpya, wanajua mama wa watu anauawa, na wakamwanza upya mtu aliyekuwa bado anapumua. Nikizidi kulia waache, wanazidi kuja. Nawe mgongoni unalia pamoja nami, tukawa sauti mbili. Wazee wetu walitupa kelele ya kuita watu, lakini ya kuwarudisha makwao hatukupewa, na kama ipo mimi sikuijua.

Alipoacha kusogea, walifanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Waliokota yale mawe yote, moja moja, yenye damu na yasiyo na damu, wakayarudisha ndani ya gunia, wakalishona pale lilipopasuka, wakaniletea hadi miguuni. "Angalia mama, hakuna hata moja imepotea," akasema yule mzee wa kanisa. "Sisi si wezi." Alikuwa anahema, na alikuwa anamaanisha.

Baba yako alifika wa mwisho kwa sababu shimo lake lilikuwa refu kuliko yote. Akamtazama yule mtu, akanitazama mimi, akalitazama gunia. Watu wote wakangoja aseme kitu. Akasema, "Asanteni."

Tulipoingia ndani ndipo akaniambia. Odero alikuwa mfanyakazi wake mpya, ametoka Sindo. Mashine ya kusaga mawe ilikuwa imepatikana ghafla, akamtuma alete gunia, akampa ufunguo. Alinieleza kwa sauti ya chini kabisa, kisha akanipiga ngumi ya taya. Nikamrudishia kwa mwiko, nikampasua nyusi. Tulipigana humo ndani kama wanyama, tukavunja kiti na taa, wewe umelazwa kitandani unatutazama, na hakuna aliyefungua mdomo kulia. Tuliogopa majirani wasije wakasikia wakaja tena.

Polisi walikuja jioni kuchukua mwili. "Nani alipiga nduru?" afande akauliza. Watu wakaangalia miguu yao. "Tulisikia tu, afande." "Mlango alivunja?" "Alivunja." Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nimekufunga mgongoni, na kufuli pamoja na ufunguo wake vilikuwa ndani ya sidiria yangu. Nilivitoa komeoni kabla hawajafika. Nakuambia hili kwa sababu wewe ndiye utakayejua lina jina gani huko kwenye vitabu vyenu. Nduru niliipiga kwa hofu. Kufuli nililificha na akili zangu timamu, na chuma chake kilinichoma baridi kifuani wakati yule afande ananipa pole.

Wanawake waliniletea sukari na majani, kunipongeza. Nikapokea. Baba yako hakuyasaga yale mawe, aliyarudisha yote shimoni, na mwezi haukuisha tukahamia hapa Rodi Kopany ambako hatujulikani. Ulipoanza kuuliza kwa nini tulitoka Masara, nikakupa ile hadithi ya mwizi, nikaona macho yako yameng'aa, nikaongeza chumvi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imenifikisha miaka kumi na minane. Na unakumbuka baba yako alipokuwa anakufa na kile kifua, wewe uko darasa la sita, alivyokuwa akirudia usingizini "asanteni, asanteni"? Ulifikiri anawashukuru wauguzi, ukaniambia baba ana adabu mpaka mwisho.

Sasa lile kofi. Ulikuwa kidato cha pili, siku ya soko, hapa hapa karibu na kibanda changu, wakamshika jamaa mmoja wakisema ameiba simu. Nikakuona unatoka mbio na wenzako, umeokota jiwe, na unacheka. Awuor, ulikuwa unacheka! Nilikufikia nikakuzaba mbele ya soko zima mpaka pua ikakutoka damu kwenye blauzi ya shule. Hukuniongelesha wiki mbili, na watu wakasema Syprose ana roho mbaya, anampiga msichana mkubwa hadharani. Haki yenu wote. Neno moja lingetosha, lakini hilo neno lingenifichua, ndio nikatumia mkono. Nilikufundisha usipige watu kwa kukupiga. Mtu mjinga kabisa mimi. Pole, mama. Imechelewa lakini ipokee.

Na mwezi uliopita ukanishtaki jikoni. Ulikuwa unajifanyia mazoezi ya korti, umejifunga shuka nyeusi kama joho, mwiko mkononi, mimi shahidi.

"Shahidi, ulimwona paka akila huyo samaki?"

"Nilimkuta karibu na sahani, anajilamba."

"Mheshimiwa, hata shahidi huwa anajilamba akila samaki! Tumfunge?" Ukacheka peke yako mpaka ukajishika mbavu. Halafu ukanisogezea ule mwiko usoni, ukakunja uso kama hakimu. "Shahidi, jibu swali. Uliona, au ulidhani?"

Sufuria ikaniponyoka. Ukafikiri ilikuwa ya moto.

Kwa hivyo mawaidha sina. Hilo swali ulilo nalo sikulipata mimi mpaka mtu alipolala chini bila uso, nawe umelianza na paka. Ninalokuomba ni dogo. Mtu akianza kusema, mwache amalize, hata akiwa na gunia lako begani. Mimi nimeishi miaka yote hii na nusu ya sentensi ya Odero. Naisikia nikipima mahindi, naisikia kanisani, "Mama, nimetumwa na", na kila mara namalizia mwenyewe, na Marwa, na Marwa, na mume wako Marwa.

Kesho nitakupandisha basi na nitakupungia mkono kama mama wengine. Nitakudanganya mara ya mwisho, nitasema narudi kufungua kibanda. Basi lako likishaondoka nitavuka barabara nichukue gari la kwenda Homa Bay, kisha Sindo. Nitamwambia Min Odero kwa Dholuo, yote, tangu tabasamu mpaka kufuli. Sijui nitapiga magoti au nitasimama. Anaweza kunitemea mate. Anaweza pia kupiga nduru, Awuor, na watu wa Sindo ni kama watu wa Masara, watatoka na walicho nacho mkononi. Nimelifikiria hilo tangu Jumamosi. Naogopa, choo nimekwenda mara nne. Lakini akipiga sitakimbia, maana mwanawe hakupewa nafasi ya kukimbia.

Akiniacha nitoke mzima nitakwenda kituo cha polisi na kufuli na ufunguo. Uzi wake bado mwekundu. Nitaandikisha nilichofanya mimi, na majina ya walio hai nitayasema pia, wanichukie. Vitu hivyo sikukuwekea kwenye sanduku. Nilitaka, nikaona nitakuwa nakubebesha mzigo wangu, na mtu aliyebeba mzigo wa mwingine nilishaona alivyofanywa.

Utakapokuwa unasoma haya, yote yatakuwa yameshatokea, vyovyote vilivyotokea. Utataka kupanda basi la kurudi. Usirudi. Utataka kunitetea pia, nakujua, tayari unapanga maneno: mathe alikuwa na miaka ishirini na mbili, mathe aliogopa, mathe alikuwa na mtoto mgongoni. Ni kweli yote, na wakili mwingine ana mdomo wa kuyasema. Ukinichukia kwa muda, nichukie, bora uende darasani. Nakupenda vibaya sana, mtoto wewe, na hilo ndilo lililonifanya ninyamaze, na ndilo linaloniandikisha leo.

Nakusikia hapo nje unabishana na mtu wa boda juu ya shilingi ishirini. Umemaliza mapema. Ngoja nikunje karatasi, nije niseme umependeza.

Mimi nitatafutiwa wakili wangu. Wewe umeshachukuliwa. Ulipokea omena ya Min Odero kwa mikono miwili, pale sokoni, mchana. Hilo niliona, sikudhani.

Ni mimi,
Syprose, mama yako